Pakacha la Mpimaji

Siku hizi kila nyumba huruhusiwa watu kwa kadiri ya majani ya minazi yake, ili pumzi ya kila mtu iwe na majani yake. Sisi ni watano, na minazi miwili.

Bi Raya, mpimaji, alifika asubuhi. Alipima kuti moja kwa utepe, akahesabu mengine kwa kidole, akazidisha.

"Kwa urefu huu, kila mtu makuti tisa," alisema. "Mnayo arubaini na nne. Watu wanne."

"Haiwezekani! Jana nimehesabu mwenyewe, arubaini na tano!"

"Hesabu tena, mwanangu."

Nikahesabu. Arubaini na nne. Kuti lililopungua lilikuwa pale mlangoni, limesukwa pakacha, limejaa madafu. Nililikata alfajiri kwa mkono wangu, nisije nikamwacha Bi Raya aondoke mikono mitupu.

"Mwezi ujao litachomoza jingine," nilimsihi.

"Pumzi haingoji mwezi. Nipeni jina moja."

Mume wangu, Kombo, aliinamisha kichwa.

"Kombo, niletee viatu vyangu," alisema mama yake. "Na hayo madafu nitaondoka nayo mimi."