Bangili ya Ustawi

Katika nchi ninayosomea uzamili wa sheria, mwanafunzi mgeni hubaki mradi anastawi. Shahidi ni bangili tuliyofungwa mkononi, inayopima huzuni. Ikiwa ya kijani, unastawi. Ikiwa nyekundu kwa saa nzima, kesho yake unapandishwa ndege. Ndiyo maana kwetu Tanga hawaniambii mabaya.

Jumamosi mama alinipigia, kamera kaizima.

"Mtandao tu, mwanangu. Sisi hatujambo kabisa."

Nyuma yake watu walikuwa wakishusha viti. Mtu akauliza masufuria makubwa yawekwe wapi.

"Kuna shughuli, mama?"

"Jirani anaozesha."

Jirani yetu hana mtoto hata wa dawa.

"Basi nipe bibi, nimpe shikamoo yake."

"Kalala."

Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, na bibi aliyenilea jua halijawahi kumkuta kitandani. Nasoma sheria ya ushahidi. Sikuhitaji swali la tatu.

"Haya, akiamka msalimie," nilisema kwa sauti laini.

"Bado kijani, Mwanaidi?"

"Kijani, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata simu kabla kilio hakijamtoka.

Nilitoa begi chini ya kitanda, nikakunja nguo zangu zote, nikakaa nikingoja bangili iwe nyekundu. Nilimkumbuka bibi kwa makusudi: mikono yake, kikohozi chake, namna alivyoniita. Saa nzima ikapita.

Bangili ikatetemeka kidogo, ikaandika: Hongera, unastawi.