Shikamoo ya Fundi Karugendo

Klaudia hakuiitikia shikamoo. Alimpita fundi Karugendo kama anapita mgomba, akasimama kando ya gari jipya la binti yake, rozari mkononi.

"Ma, mtu kakusalimia," Violeth alinong'ona kwa aibu.

"Mwambie afungue gari. Leo nataka kuiona mikono yake ikifanya kazi."

Zamani gereji ile ya Kashai ilijaa magari mpaka barabarani. Sasa lilikuwepo hilo moja tu. Miaka minne nyuma, kwenye mazishi kule Buganguzi, Klaudia alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema: Karugendo ndiye aliyetengeneza breki, na breki ndizo zilizomuua mume wangu Ildefons mteremkoni. Tangu siku hiyo watu wa Muleba walihamishia magari yao kwingine. Fundi hakujibu neno. Kimya chake Klaudia alikihesabu kuwa ni kukiri.

Violeth alikuwa amechoshwa na chuki hiyo. Gari lake la kwanza alilileta hapa kwa makusudi.

Kabla ya lolote, Klaudia alitoa mkobani chupa ya maji ya baraka, ile ya umbo la Bikira Maria, iliyozibwa kwa kitambaa tangu kizibo chake kipotee. Akanyunyizia magurudumu yote manne. Hakuna gari lililoondoka nyumbani kwake bila maji hayo.

Karugendo alisubiri amalize, ndipo akafungua boneti.

"Oili: vuta kijiti hiki, futa, rudisha, vuta tena. Ikiwa kati ya alama mbili, shwari. Rejeta usiifungue injini ikiwa ya moto, itakuunguza uso, wachumba wakimbie."

Violeth alicheka. Mama yake hakucheka.

"Na hiki kikopo kidogo?"

"Mafuta ya breki. Yakipungua niite mimi, au fundi mwingine yeyote." Alimtupia Klaudia jicho. "Lakini usiongeze maji. Hata tone."

"Kwani maji yanafanya nini?"

"Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto. Maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Unakanyaga, mguu unazama mpaka chini, na gari linazidi kwenda."

Rozari ilikoma kusogea kati ya vidole vya Klaudia. Aliiona ile asubuhi ya ajali: Ildefons yuko ndani anatafuta koti, boneti iko wazi uani, kikopo kidogo kimepungua, na yeye peke yake amesimama hapo akimwombea safari njema.

"Hata..." Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto kitubioni. "Hata yale ya baraka?"

Karugendo alimtazama Violeth, aliyekuwa bado ameinamia injini.

"Dada, waitu," alimsihi kwa Kihaya, "kaa kwenye usukani ukanyage breki, niangalie taa za nyuma."

Mlango wa gari ulipofungwa, fundi aliingia stoo yake. Alirudi ngumi imefumbwa. Akaushika mkono wa mjane, akaweka kitu kiganjani.

Kilikuwa kizibo cha bluu, chenye umbo la taji.

"Nilikiokota kule mteremkoni, kwenye injini ya mzee, kabla polisi hawajafika," alisema taratibu. "Shikamoo, mama."