Fundo la Magunia

Nilimkatalia binti yangu Batuli kukaa hosteli ya chuo, Lindi mjini. "Shangazi yako yupo Mingoyo, wewe ukalale na watu baki?"

Muhula ulipokwisha nikatoka Likawage kwenda kumtazama. Dada yangu akanipokea kwa vigelegele. "Kaka, mwanao mashine! Bila yeye mgahawa huu ningeufunga."

Batuli akatoka jikoni. "Shikamoo, baba." Vidole vyake vilikuwa vimechanwachanwa na mbuzi ya kukunia nazi.

Nyuma ya mlango niliona boksi lake la vitabu. Nililifunga mwenyewe siku anaondoka, kwa fundo langu la magunia ya korosho. Fundo lilikuwa vilevile.

"Mitihani ilikuwa mingapi?" nikamuuliza.

"Sita, baba."

"Umefanya mingapi?"

Akaficha mikono kwenye kanga. "Mmoja."