Jipu la Ottilie

Walburga alikuwa ameshachota mafuta ya nguruwe kidoleni, anataka kumpaka dada yake mgongoni, mlango uliposukumwa kwa kishindo. Shemeji yake, Gotthold, akaingia, akampokonya kopo na kulitupa dirishani, kwenye theluji.

"Nani kakwambia umguse?"

"Jipu huivishwa kwa mafuta, shemeji. Hata bibi zetu..."

"Bibi zenu wamekufa wote! Lisipakwe kitu. Linataka hewa."

Ottilie alikuwa amelala kifudifudi. Alikuwa na homa, na jipu chini ya bega lilimchoma kama sindano ya moto, lakini alichekea kwenye mto wa kulalia. Tangu waoane, mumewe hakuwahi kumpigania hivyo.

Gotthold alikuwa mtaalamu wa wadudu. Mwaka mzima walikaa kwenye misitu ya Brazili, yeye akikamata nzi na mende, Ottilie akiwachoma pini na kuwaandikia vibandiko, na shukrani yake ilikuwa "angalia usivunje miguu." Mende wapya aliowagundua aliwapa majina ya maprofesa, mmoja hata jina la nahodha wa meli. La mkewe hakuwahi. Jipu lilianza melini wakirudi Ujerumani, kipele tu mahali alipoumwa na mbu wa msituni. Tangu siku alipolitazama vizuri, Gotthold akawa mtu mwingine kabisa.

Alimlisha mchuzi wa nyama kwa mkono wake. Alimkataza kulalia mgongo. Kila asubuhi aliliinamia jipu na kioo cha kukuzia, akalipepea taratibu, kisha akaketi kumwandikia barua profesa mmoja wa Vienna. Majibu yalipokuja aliyasoma kando ya kitanda huku akitabasamu peke yake.

"Anasemaje?" Ottilie aliuliza.

"Tuvumilie. Na kisu kisikaribie."

"Ni daktari huyo?" Walburga akadakia.

"Anajua kuliko daktari yeyote wa mji huu."

Gotthold alipotoka, Walburga aliinama sikioni kwa dada yake. "Mumeo ana kabati zima la sumu za kukaushia wadudu wake. Wewe unakonda, yeye ananawiri. Mbona hataki daktari aje?"

"Una wivu tu. Mume wako ukikohoa kidogo anahamia chumba kingine."

Tangu hapo kila mchuzi Walburga aliuonja yeye kwanza.

Homa ikazidi kupanda. Asubuhi moja Ottilie aliamka akiweweseka, shuka limelowa damu na usaha. Walburga akavaa koti.

"Leo namleta daktari, utake usitake, shemeji."

Gotthold alisimama mlangoni na bunduki yake ya kuwindia ndege.

"Akikanyaga humu na kisu chake, namlipua. Naapa." Mara machozi yakamtoka. "Bado kidogo tu, Walburga. Nakusihi. Usiniharibie sasa."

Ottilie aliyaona machozi yale, na pamoja na homa yake akajiona ana bahati kuliko wanawake wote. "Mwache," alisema kwa sauti iliyokauka. "Huoni anavyonipenda?"

Walburga akavua koti. Aliogopa bunduki, na zaidi alimwogopa dada yake alivyokuwa akitabasamu.

Adhuhuri Ottilie alihisi kitu kinasukuma ndani ya nyama yake, kinachana, kinateleza. Akapiga ukelele. Gotthold aliangusha bunduki, akapiga magoti kando ya kitanda na kukinga viganja vyote viwili chini ya bega lake. Akabaki hivyo hivyo, hapumui.

"Gotthold," Ottilie akanong'ona. "Nakufa?"

Akageuza shingo kwa shida. Viganjani mwa mumewe alikuwa anajipinda funza mnene mwenye pete za miiba myeusi, ametapakaa damu. Gotthold alimlaza kwa ncha za vidole ndani ya chupa iliyotiwa udongo, aliyokuwa nayo tayari mfukoni, akamfunika kwa kitambaa chepesi, akaipumulia chupa ili ipate joto.

"Sasa daktari anaweza kuja?" Ottilie aliuliza.

"Mwiteni tu, aje na kisu chake," Gotthold akasema, macho yake hayabanduki kwenye chupa. "Humo hamna tena cha kuharibu."