Bendi ya Mwalimu Ikweta

Spika iligoma kuingia nyuma ya pazia. Mwalimu Ikweta alikuwa amepiga magoti jukwaani, kichwa kiko ndani ya pazia, makalio yako nje, anaisukuma kwa bega, ndipo aliposikia sauti nyuma yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu kutoka gizani, kwa heshima yote anayoweza kuwa nayo mtu aliyekaa mkao ule.

Alikuwa binti wa tarumbeta, kiongozi wa bendi ya shule, na wenzake walikuwa wanaingia ukumbini na vyombo vyao. Mwalimu akajichomoa, akajikung'uta vumbi. Jina la Ikweta walimpa wanafunzi, kwanza kwa kuwa anafundisha jiografia, pili kwa jinsi mkanda unavyolizunguka tumbo lake. Alilijua jina hilo, na moyoni alikiri kwamba wamempatia.

"Sikilizeni, wanangu. Mkaguzi anakuja mchana huu. Bendi isipomridhisha, programu inafungwa na vyombo vinapelekwa shule nyingine. Na hali yetu mnaijua."

Waliijua. Walikuwa na wimbo mmoja tu, na huo mmoja ulitoka kama mabati yanayoporomoka kwenye ngazi.

"Basi wimbo wetu uko humu," akaipiga spika kofi la kirafiki. "Wamepiga watu wanaojua. Nikibonyeza rimoti, ninyi wekeni vyombo mdomoni, vimbisheni mashavu, msipulize. Wa ngoma, papasa tu."

Binti wa tarumbeta alimtazama kidogo. "Na umeme ukikatika, mwalimu?"

"Hapo mtanizika kwa heshima."

Kosa lilikuwa lake tangu mwanzo, wala hakuwa na wa kumsingizia. Siku walimu walipogawana programu za jioni, wajanja waliwahi mdahalo, maigizo na useremala. Mkuu wa shule akabaki na bustani ya mboga na bendi. Yeye, kwa kulikimbia jembe, akanyoosha mkono akasema aliwahi kuwa kwenye bendi. Hakudanganya sana. Utotoni aliwahi kutangulia mbele ya bendi, amebeba bendera.

Sikio lake la muziki kazi yake ilikuwa moja, kushikilia miwani. Kila somo alijifunza kwanza nyumbani kwenye simu, tarumbeta ameiziba kwa mto, mpaka mkewe akamwuliza, "Mume wangu, hicho kitu kinaumwa wapi?" Kesho yake huenda kuwafundisha watoto wa watu yale yale. Nao, kwa utiifu wao, walimfuata hatua kwa hatua. Akipotea yeye, bendi nzima inapotea pale pale, kwa pamoja, hakuna anayebaki nyuma.

Kilichomuuma zaidi ni kejeli. Mama wa kantini alimwambia, "Mwalimu, bendi yako jana ulipokwisha kuondoka ilinitoa machozi." Mwalimu akamwomba radhi, akanywa chai yake haraka akaondoka. Mlinzi naye akadai wapita njia husimama getini jioni kusikiliza. Jamani, na mlinzi pia! Tangu siku hiyo alianza kutokea mlango wa nyuma.

Lakini watoto wale aliwapenda. Alipowaza wamenyang'anywa tarumbeta kwa sababu ya mdomo wake, usingizi ulimruka. Ndiyo maana ya spika.

Mchana kengele haikulia. Mlinzi aligonga chuma. Mkaguzi akaingia na mkuu wa shule, akakaa mbele, akaanza kujipepea kwa faili lake. Mkuu akazunguka anafungua madirisha. Mwalimu Ikweta hakuyajali hayo, maana mawazo yake yote yalikuwa kwenye rimoti. Akawageukia vijana wake, akainua mkono mmoja, na mwingine ukabonyeza rimoti mfukoni.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya kile kile. Jasho likamtiririka mgongoni mpaka kwenye ikweta yenyewe. Binti wa tarumbeta akawatupia wenzake jicho, akashusha kidevu mara moja.

Wimbo ukafumuka.

Alishusha pumzi nusura apae. Rimoti hizi za bei poa! Sasa akawa na nafasi ya kuwatazama, na loo, waigizaji gani wale! Mashavu yamevimba, mishipa imewasimama shingoni, wa ngoma anatokwa jasho utafikiri anapiga kweli. Alijuta kutowapeleka kwenye programu ya maigizo. Akafumba macho, akapunga mikono kwa mbwembwe, na hata chozi likamtoka. Wimbo aliuchagua mwenyewe, kumbe ulikuwa mtamu namna hii! Na alipokata mkono, nao ukakatika pale pale. Bahati iliyoje.

Mkaguzi alikuwa amesimama, anapiga makofi.

"Programu hii nani anaifunga? Haifungwi! Mwalimu, umewafundishaje hawa?"

"Kidogo kidogo tu, mzee," alisema, kwa unyenyekevu wa mwizi aliyesifiwa viatu.

Mkuu wa shule alitabasamu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Utuwie radhi tu kwa joto, mheshimiwa. Feni tunazo, ila umeme umekatika tangu saa nne asubuhi na mpaka sasa haujarudi."

Mwalimu Ikweta akaitoa rimoti mfukoni, akaitazama. Kisha akaitazama bendi yake. Wote walikuwa wameinamia viatu vyao.

"Utusamehe, mwalimu," alinong'ona binti wa tarumbeta. "Leo ilibidi tusikosee."