Zamda na Mlango Wake

Siku hizo mzazi mwenye msongo wa mawazo hakuruhusiwa kuingia kwake. Bangili ya mkononi ilisikiliza mapigo ya moyo wake, na ikiwaka nyekundu, mlango wa nyumba haukufunguka.

Zamda, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa amekaa kwenye ngazi tangu saa kumi. Asubuhi wodini walikuwa wamempoteza mama aliyejifungua mapacha. Alivuta pumzi, akanywa maji, lakini bangili haikubadilika. Kutoka ndani alimsikia bintiye wa miaka sita, Mishi, akimsimulia bibi yake jino lililong'oka shuleni. Zamda alitamani kuliona hilo pengo, hata kwa kuchungulia tu.

Saa kumi na mbili bangili ikageuka kijani. Mlango ukafunguka, Zamda akaingia na kuvua viatu, Mishi akaja mbio akamrukia.

"Mama, angalia! Limetoka!"

Zamda alimkumbatia, akanusa mafuta ya nazi nyweleni mwake, na moyo ukamdunda kwa furaha. Bangili haikuijua furaha. Ikawaka nyekundu.

Mishi alijichomoa taratibu, wala hakulia. Alichukua viatu vya mama yake, akaviweka nje ya mlango.

"Nenda ukatulie, mama," alisema. "Kesho nitakuonesha tena."