Jina Ndani ya Kola

Jumapili chama cha akina mama wa kanisa kiliimba juu ya upendo kwa sauti nne. Jumanne, Generoza muuza pombe ya gongo alipofariki, Eufrasia pekee ndiye aliyefika kumwosha, amebeba gauni jeupe la chama alilolitunza miaka kumi na moja kwa ajili ya maziko yake mwenyewe.

"Dada Eufrasia, una wazimu?" mwenyekiti aliuliza, asivuke kizingiti. "Huyu ndiye aliyekunyang'anya mume! Nawe tutakuzika umevaa nini, gunia?"

"Siku hiyo sitaliona, Mama Mwenyekiti."

"Basi walau fumua jina lako."

Jina lilitariziwa ndani ya kola kwa uzi mwekundu. Eufrasia alishika wembe, akafumua herufi ya kwanza, kisha akautazama uso wa mwanamke ambaye mji mzima haukuwahi kumwita kwa jina jema. Akauweka wembe chini. Akamvika, akafunga vifungo hadi shingoni.

Makaburini mchungaji alisali kwa ufupi; alikuwa na udhuru. Jeneza liliposhuka, Eufrasia aliona uzi mwekundu umenasa kidoleni mwake. Akaufumbata.